Upana wa Baiskeli Mbili

Mwezi wa saba mwaka 2015, siku ya Jumanne, saa nne na robo asubuhi, Valentino mwenye mashine ya kukoboa mpunga alishika usukani wa baiskeli ya mtu mwingine akacheka mbele ya kamera yangu. Nakumbuka hata shati: la bluu, mfuko umechanika. Watu huniambia, Fulgensi, unakumbuka mno, ipo siku utapasuka. Mimi nawajibu kwamba katika mtaa ambao wakubwa husahau kwa zamu, lazima awepo mmoja wa kukumbuka kwa niaba ya wote, na kazi hiyo hakuna aliyekuja kuigombea.

Siku ile Valentino alikuwa anaomba kujenga mashine yake pembeni ya njia inayokwenda mashambani, ng'ambo ya mto Lumemo. Wakazi walikubali kwa sharti moja tu, kwamba njia ibaki. Ibaki na upana gani? Mtu wa Ifakara haulizwi hilo mara mbili, maana mpunga wetu hautembei kwa miguu. Njia hupimwa kwa baiskeli mbili zenye magunia kwenye keria, moja inakwenda, nyingine inarudi, zipishane bila mtu kushuka. Tukazisimamisha mbili ubavu kwa ubavu. Bibi Brigitha, mmoja wa wakulima, akashika moja, Valentino nyingine. Vigingi vikapigwa kila upande, muhtasari ukaandikwa, nami nikapiga picha ya watu na picha ya muhtasari. Jioni nikaviweka vyote kwenye blogu yangu inayoitwa Hatujasahau.

Miaka kumi baadaye, katikati ya mavuno, Valentino alitanua uwanja wake wa kuanikia mpunga akapitisha uzio wa seng'enge juu ya njia. Watu wakaanza kuzunguka hadi barabara kubwa, kilomita sita, gunia nyuma. Bibi Brigitha ana miaka sabini na miwili na alikuwa anazunguka naye. Tukaenda ofisi ya mtaa kuuliza muhtasari. Daftari lilikwenda na mafuriko. Tukauliza vigingi. Vigingi vilioza. Duniani kikabaki kitu kimoja kinachosema njia ile ni ya wote, na kitu hicho kilikuwa ukurasa wangu.

Mtendaji wa mtaa wetu anaitwa Salvatory, kijana mgeni, ana miaka miwili hapa. Si mtu mbaya. Anaogopa tu kuweka sahihi mahali ambapo kesho ataulizwa. Alisema wazi kwamba picha iliyo kwenye simu ya Fulgensi haipokei, kwa sababu Fulgensi akipewa simu anaweza kumpandisha kiboko juu ya baiskeli. Lakini kama jambo liliwekwa hadharani tangu mwaka ule, lina tarehe na maoni ya watu chini yake, huo ni ushahidi. Ataufungua mwenyewe, kwa simu yake mwenyewe, mbele ya wananchi, Jumamosi saa tisa alasiri, palepale kwenye uzio. Ukionekana, uzio unatoka siku hiyohiyo. Usipoonekana, uzio unabaki na shauri limefungwa.

Jumatano alijaribu kidogo ofisini, simu ikamwambia tovuti hii si salama.

"Bwana Fulgensi," akaniambia mbele ya watu saba, "blogu yako simu yangu inaiogopa."

Watu wakacheka. Mimi nimewahi kuitwa mchochezi, mropokaji, na mwaka 2006 mtu mmoja mwenye cheo aliniita kunguni. Kuitwa si salama na simu ilikuwa mara ya kwanza, na niliumia kuliko kwa kunguni.

Nikaamua kuiwekea blogu kufuli, ile alama ndogo inayokaa juu karibu na anwani na kuifanya simu itulie. Kompyuta sikuisomea. Nilifukuzwa shule kidato cha pili, mwaka 1994, kwa kuuliza maharage ya wanafunzi yalikwenda wapi, na yote ninayoyajua baada ya hapo nimejifunza kwa hasira. Alhamisi na Ijumaa nikaihamisha blogu kwenye seva mpya, nikafuata maelekezo niliyoyaokota mtandaoni, yale niliyoyapenda nikayafuata na yale nisiyoyapenda nikayaruka. Ijumaa jioni kufuli likaonekana. Nikalala kama mfalme, sikuhangaika hata kuufungua ukurasa wenyewe.

Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye kibanda cha dada yangu Bibiana, hapa Mlabani. Bibiana ananizidi miaka sita na ni fundi baiskeli. Wiki nzima alikuwa anafunga kikaratasi kwenye usukani wa kila baiskeli aliyoitengeneza, chenye anwani ya ukurasa wa mwaka 2015 na maneno: Jumamosi saa tisa, njoo na simu yako. Baiskeli sitini na tatu. Hakunitoza kitu, alinisimanga tu.

Bibi Brigitha akaja anasukuma baiskeli, tairi la nyuma limelala. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Blogu yako imekufa," akasema, akanipa simu ya mjukuu wake.

Kwenye kioo paliandikwa kwamba ukurasa huu umekuelekeza mara nyingi mno. Nikasoma mara mbili. Nikajaribu kwenye simu yangu, yaleyale. Kwenye ya Bibiana, yaleyale.

"Yaani hata mtandao nao wanauzungusha kilomita sita," Bibi Brigitha akasema, akajikalia kwenye kreti la soda. Hakuonekana mwenye huzuni. Alikuwa na sura ya mtu aliyekuja kutazama mpira.

Bibiana akauliza kwa nini nisifungue ukurasa mwingine mpya nikaweka picha zilezile. Nikamwambia ukurasa mpya utakuwa na tarehe ya leo, na maoni ya watu hayatakuwepo. Na zaidi, kuna vikaratasi sitini na vitatu vinavyozunguka bonde zima na anwani ile, vingine vimeshafika Mlimba. Anwani ni ileile au hakuna.

"Basi tengeneza," akasema. "Mimi tairi, wewe hiyo takataka yako. Tuone nani anamaliza kwanza."

Nikafungua kompyuta, nikaingia kwenye seva, nikaanza kusoma daftari la mlangoni. Kila seva ina daftari kama hilo, inaandika nani kabisha hodi, saa ngapi, na kaambiwa nini. Nikaona mgeni wa saa moja na dakika arobaini, bila shaka ndiye Bibi Brigitha. Kabisha hodi, kaambiwa pita mlango wenye kufuli. Kabisha tena, kaambiwa pita mlango wenye kufuli. Mara ishirini kwa sekunde mbili, mpaka simu yake ikachoka.

Bibiana hapendi kuona mtu ananung'unika peke yake. Akataka nimweleze. Nikamwambia afikirie nyumba. Getini kuna mpokeaji, mafundi wanamwita proksi. Huyu ndiye mwenye kufuli. Mgeni akija, yeye anampokea, anachukua ujumbe wake, anaingia nao kwa mlango wa jikoni mpaka kwa mwenye nyumba, ambaye ndiye programu ya blogu yenyewe. Mwenye nyumba nimempa amri kali kwamba asimhudumie mtu yeyote ambaye hakupita kwenye kufuli. Sasa anachokiona yeye ni ujumbe umetokea jikoni. Anasema, mrudishe huyu akapite kwenye kufuli. Mgeni anarudi getini, kwenye kufuli, mpokeaji anamchukua, anaingia tena kwa jikoni.

Bibiana alikuwa ameshatoa tyubu, anaizamisha kwenye beseni la maji kutafuta pancha.

"Na huyo wa getini hana mdomo?" akauliza. "Si aseme tu, mgeni huyu kapita kwenye kufuli, nimemwona mwenyewe."

Nikayatafuta tena yale maelekezo.

Mdomo alikuwa nao, na mimi ndiye niliyeuondoa. Katika yale maelekezo ya mtandaoni kulikuwa na mistari minne ya kumwambia mpokeaji amsemee mgeni kwa mwenye nyumba: katoka wapi, anatafuta nyumba ipi, kapita mlango gani. Niliisoma Alhamisi, damu ikapanda. Mimi nimesemewa tangu utoto. Mwaka 2003 kuna mtu alikwenda kutusemea wakulima mjini, akarudi na jaketi jipya na sisi tukarudi na yaleyale. Mwaka 2011 akatusemea mwingine, yule hakurudi kabisa. Nikasema kwenye seva yangu hakuna atakayemsemea mtu, kila mgeni atajisemea mwenyewe. Nikaifuta mistari yote minne.

Nikalazimika kuwaeleza. Bibiana aliinua uso kutoka kwenye beseni.

"Fulgensi, umemfunga mdomo mlinzi wako kwa sababu ya jaketi la mwaka 2003."

Bibi Brigitha akasema jaketi lenyewe alilikumbuka, lilikuwa zuri.

Nikairudisha mistari minne, mmoja mmoja, huku nimeuma meno. Nikakagua faili, nikaiambia seva ijisome upya. Nikafungua blogu. Ukurasa wa mbele ukaja, kufuli juu, jina kubwa, Hatujasahau. Nadhani nilipiga kelele, kwa sababu mama muuza vitumbua wa jirani alikuja kuuliza kuna nini, akatuachia vitumbua vitano. Bibiana alikuwa bado anapaka solushen kwenye kiraka. Nikamwambia nimeshinda. Akaniambia fungua ukurasa wa njia kwanza.

Nikaufungua ukurasa wa njia. Umekuelekeza mara nyingi mno.

Saa nne na nusu. Nikarudi kwenye daftari la mlangoni. Safari hii habari ilikuwa nyingine. Mgeni hakuwa anarudishwa getini tena. Alikuwa ndani, anatupwa kati ya vyumba viwili. Akiomba ukurasa wa njia, anaambiwa umehamia kule. Akienda kule, anaambiwa umehamia huku. Na huko kule, nilipoliona jina lake, masikio yakaniwaka moto. Ukurasa wenyewe ulikuwa Wasaliti wa Njia.

Makala hiyo niliiandika mwaka 2018. Valentino alikuwa ameegesha lori kwenye njia siku mbili, nami nikaandika kurasa tatu juu yake, juu ya baba yake, na juu ya namna anavyokula samaki. Nikaona haitoshi. Nikaweka amri kwenye seva kwamba mtu yeyote anayetafuta makubaliano ya mwaka 2015 apelekwe kwanza kwenye matusi, aoge nayo. Mwaka uliofuata Bibi Brigitha aliyasoma, akaja nyumbani, akanisema mpaka chai ikapoa. Nikaiwekea amri ile alama ya reli, #, mbele. Ukiweka reli mwanzoni mwa mstari, seva inauruka kana kwamba haujaandikwa. Kisha kwenye blogu yenyewe nikaweka amri ya kinyume, kwamba anayetafuta matusi apelekwe kwenye makubaliano. Mambo yakatulia miaka sita.

"Sasa kama uliiwekea reli," Bibiana akauliza, "imeamkaje?"

Hapa nilitamani umeme ukatike.

Ijumaa, nilipokuwa nahamisha mipangilio, nilikuta mistari kumi na mmoja yenye reli mbele. Nikaiangalia. Mistari kumi na mmoja iliyonyamazishwa. Mimi nimenyamazishwa kwenye mikutano minane, na mmoja walinizimia kipaza sauti nikiwa katikati ya neno. Sikujiuliza iliwekewa reli na nani wala kwa nini. Niliondoa reli zote kumi na moja, nikajisikia vizuri sana.

Bibi Brigitha alicheka mpaka kreti likayumba. Alicheka kimya kwanza, mabega tu, halafu kwa sauti, akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Alipopata pumzi akasema kwamba nimefungua mlango wa gereza bila kuuliza nani yuko ndani, na wa kwanza kutoka ni mdomo wangu mwenyewe.

Nikatafuta mstari ule. Nikaurudishia reli. Bibiana alikuwa anafunga gurudumu kwa spana, lakini macho yalikuwa kwenye kioo changu.

"Futa," akasema.

Nikamwambia reli inatosha.

"Mwaka kesho utahamia seva nyingine, utauonea huruma, utauamsha. Nakujua. Futa, Fulge."

Sasa jambo hili mtu mwingine anaweza asilielewe. Mimi sifuti. Nina risiti ya mkutano wa mwaka 1999. Blogu nzima inaitwa Hatujasahau, na mstari ule, hata kama ulikuwa wa matusi, ulikuwa na tarehe. Kidole kilikaa juu ya kitufe mpaka Bibi Brigitha akaanza kula kitumbua changu. Nikafikiria kilomita sita. Nikautazama mguu wake, ule wa kushoto uliofungwa bandeji ya kifundo. Nikabonyeza. Mstari ukatoweka bila kelele yoyote, jambo ambalo pia liliniudhi.

Ile mingine kumi niliikagua. Sita nayo ilikuwa takataka.

Ukurasa wa njia ukafunguka kwenye simu ya jirani wa vitumbua, ambaye hakuwahi kuujaribu. Tarehe, picha, muhtasari, maoni. Lakini kwenye simu ya Bibi Brigitha ukagoma. Kwenye yangu ukagoma. Kwa Bibiana pia. Nilitukana kidogo, nikasoma tena, nikaelewa, na kosa lilikuwa langu kwa mara ya tatu. Unapomwelekeza mgeni kwingine, una hiari ya kumwambia ukurasa umehama kwa muda au umehama moja kwa moja. Mimi katika maisha yangu sijawahi kuchagua kwa muda. Na simu ikiambiwa moja kwa moja, inashika. Haiulizi tena seva, inakwenda kwa kumbukumbu yake.

"Kwa hiyo simu nazo ziko kama wewe," Bibiana akasema.

Tulizifuta kumbukumbu simu zetu tatu, zikafunguka. Saa sita na robo. Tairi la Bibi Brigitha lilikuwa limejazwa zamani, limeegeshwa ukutani, na Bibiana alinitaja kuwa wa pili bila huruma. Tulikula ugali na perege nikiwa na furaha ya kweli, mpaka nilipomeza mwiba wa wazo. Mtendaji. Kama amejaribu asubuhi, simu yake nayo imeshika.

Nilimpigia, simu yake haikupatikana. Alikuwa ameizima kulinda chaji, ili ishuhudie vizuri.

Saa tisa kasoro tulifika kwenye uzio. Sijawahi kuona baiskeli nyingi hivyo tangu mbio za sikukuu. Zililala kwenye nyasi pande zote mbili, vikaratasi vikipepea kwenye usukani. Watu waliotoka mashambani walikuwa upande wa pili wa seng'enge, magunia tayari nyuma. Valentino aliketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya mpunga wake ulioanikwa, shati jeupe, tumbo mbele, ana uhakika wake.

Mtendaji Salvatory akasalimia, akaeleza utaratibu, akawasha simu mbele ya macho yetu. Akaandika anwani kutoka kwenye kikaratasi, herufi kwa herufi. Akangoja. Kisha akainua kioo watu wa mbele waone.

"Umekuelekeza mara nyingi mno," akasoma. "Kama asubuhi."

Valentino akakunja mguu mmoja juu ya mwingine.

Watu wakaanza kutoa simu zao, kila mmoja anasema kwake umefunguka, na kwa mke wake umefunguka, na mtu mmoja upande wa pili wa seng'enge alikuwa anasoma muhtasari kwa sauti. Mtendaji akainua mkono. Alikumbusha kwamba alisema simu yake, na neno lake ni hilo. Nikamwomba anipe simu hiyo dakika moja. Akaikumbatia kifuani. Nikamwomba basi afute kumbukumbu zake mwenyewe. Akasema humo kuna mambo ya ofisi, hafuti kitu asichokijua kwa maneno ya Fulgensi. Na kusema haki, ningekuwa mimi nisingefuta.

Nilisimama pale najua kila kitu na siwezi kugusa chochote. Seva ilikuwa sawa. Kufuli lilikuwa sawa. Kilichobaki kati ya Bibi Brigitha na njia yake kilikuwa simu moja yenye kumbukumbu ndefu na mwenyewe anayekataa kusahau. Nikajiuliza, mtu akiwa hivyo, unampitia wapi? Mimi unanipitia wapi? Humbishii anachokikumbuka. Unamuuliza swali ambalo hajawahi kuulizwa.

"Mtendaji," nikasema, "usifute kitu. Andika anwani ileile. Mwishoni ongeza alama ya kuuliza, halafu neno lolote unalotaka wewe."

Akauliza neno gani. Nikamwambia la kwake, nisije nikaambiwa nimelitengeneza. Simu yake inakumbuka anwani ile mpaka herufi ya mwisho. Ikiona kuna kitu kimeongezeka, itadhani ni mahali pageni, itakwenda kuiuliza seva upya.

Akafikiri. Akageuka ili nisione, akaandika. Baadaye nilijua aliandika jina la mama yake.

Mtandao wa pale ni mzito, kwa hiyo picha ilishuka kutoka juu taratibu kama pazia. Anga kwanza. Kofia. Uso wa Bibi Brigitha, meno yote yapo. Magunia mawili. Halafu shati la bluu lenye mfuko uliochanika. Watu waliomzunguka Mtendaji walianza kuguna, mguno ukaenda mpaka ng'ambo ya seng'enge. Akaangalia tarehe. Akasoma muhtasari wote kimya, midomo ikitembea. Kisha akateremka kwenye maoni, akasimama kwenye la nne, akalisoma kwa sauti ya ofisi:

"Valentino. Tarehe kumi na tano, mwezi wa saba, 2015. Nimeridhia kwa moyo. Njia ni ya wote, na mimi pia nina baiskeli."

Kuku walikuwa wanadonoa mpunga wa Valentino, na hakuna aliyewafukuza.

Valentino alikohoa. "Baiskeli yenyewe niliiuza," akasema.

"Baiskeli uliuza," Bibi Brigitha akajibu. "Njia haikuwa yako kuuza."

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilikuwa nayo tangu mwaka 2018, ina vipengele tisa. Lakini Valentino aliinuka, akaja mpaka kwa Mtendaji, akaomba aione ile picha. Aliishika simu kwa mikono miwili. Akaitazama mpaka nikaona aibu kuendelea kumtazama yeye.

"Nilikuwa mwembamba," akasema, na akacheka, kicheko kilekile cha saa nne na robo. Kilipomwisha akasema kwa sauti ya chini kwamba alijiambia vigingi havipo basi na neno halipo, na kwamba amekosa.

Hotuba ikabaki mfukoni. Bado ninayo.

Bibiana alikuja na koleo. Alitaka kukata seng'enge mwenyewe, lakini Valentino akamwomba koleo, akakata waya wa kwanza, halafu wa pili, na wa tatu ukamchana kidole, na hakuna aliyemhurumia sana. Nguzo ziling'olewa na watu wengi kupita kiasi, hata nyingine ikang'olewa ambayo haikuhusika, ya kuanikia nguo. Tukapima upya. Bibi Brigitha akashika baiskeli yake yenye tairi lililozibwa na gunia la jirani, Valentino akapewa nyingine, wakasimama ubavu kwa ubavu kama siku ile. Bibiana alitazama tumbo la Valentino akasema kipimo kiongezwe kidogo, maana miaka kumi imeingia. Mtendaji akaandika kwenye muhtasari, na nimeuona: upana wa baiskeli mbili, na nafasi ya ziada. Akaweka sahihi bila kumtazama mtu.

Bibi Brigitha akapanda. Kutoka upande wa pili akaja mkulima na gunia lake, wakapishana katikati, hakuna aliyeshuka, na kengele za baiskeli zikaanza kulia zote kwa pamoja, zilizosimama na zilizolala, watu wakizipiga kwa vidole na wengine kwa mawe.

Nilirudi kibandani jua likiwa bado liko juu. Nikafungua faili la mipangilio, pale ulipokuwa mstari wa mwaka 2018. Nikaandika mstari mpya na kuuwekea reli mbele ili seva isiusumbue: Hapa palikuwa na amri, nimeifuta leo, nakumbuka ilichosema. Bibiana aliusoma juu ya bega langu akatikisa kichwa, lakini hakuniambia niufute.

Kisha nikaenda kwenye maoni ya mwaka 2015. Lile la Valentino lilikuwa na nafasi tupu chini yake. Miaka kumi sikuwa nimemjibu. Nikaandika: Tumepita.

Nikaweka picha mpya kwenye ukurasa mpya, Valentino na tumbo lake, na kidole kilichofungwa kitambaa, na muhtasari wenye wino mbichi. Haukupita muda likaingia oni la kwanza. Lilitoka kwa Mtendaji Salvatory, neno moja.

Umefunguka.